Tanki Walilosema Ni Tupu

Juzi nilipopita Mufindi, msomaji wangu, nilisimama mbele ya msingi wa nyumba ya mawe alimopika bibi yangu. Chumba cha chini ya sakafu kimejazwa udongo, na juu yake mtu amepanda njegere. Niliinama nikanusa, ingawa najua mafuta hayadumu kunuka miaka yote hiyo.

Mzungu mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuondoka, na kijiji kikaamua iwe shule. Kizuizi kilikuwa kimoja: tanki kuukuu la mafuta lililokuwa huko chini, lililolisha jiko la kupashia nyumba joto. Harufu yake ilipenya mbao hadi darasani, na mwenyekiti wa kijiji akasema mtoto haingii mpaka tanki litoke. Shule ilipaswa kufunguliwa Jumatatu, tarehe 13 Januari 1975. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, sijui hata herufi moja.

Ijumaa iliyotangulia alifika fundi wa kuchomelea kutoka Mafinga. Aligonga tanki, likalia kama ngoma.

"Tupu hili. Nalikata kwa moto, jioni mnabeba vipande."

Bibi aliweka kigoda kwenye ngazi ya kushukia, akaketi.

"Nimewasha jiko la nyumba hii miaka kumi na minane," alisema. "Kilichomwagwa huacha pumzi yake. Moto wako hauingii humu."

"Kwani bibi unalinda nini humo?" aliuliza fundi.

Watu walicheka, lakini haukuwa utani. Tangu siku hiyo ilinong'onwa kwamba mpishi aliachiwa mali na bwana wake.

Mwenyekiti, kwa kuchoka kubishana, aliacha ifanywe kama bibi alivyotaka. Madirisha yalifunguliwa, vibatari vikapigwa marufuku. Mafuta yaliyobaki yalitekwa kwa kopo lenye mpini mrefu, pasipo mtu kuingiza kichwa, na yaliyomwagika sakafuni yakanyonywa kwa vumbi la mbao. Kisha tulibeba maji kutoka kijitoni, ndoo baada ya ndoo, mpaka tanki likajaa pomoni. Ndipo fundi akaanza kulikata kwa msumeno wa mkono, kutoka juu, maji yakipunguzwa kidogo kidogo, huku akinung'unika.

Kila ndoo ilinizidishia shaka. Kama si mali, kwa nini anicheleweshee shule? Asubuhi moja, bibi akiwa huko chini, nilivuta furushi lake kutoka uvunguni nikalifungua. Nilikuta shuka moja jeupe, jipya: sanda aliyojiwekea. Nililifunga upesi. Bibi alitumia mkono wa kushoto, na fundo lake lililala upande usio wa watu wote. Langu lililala upande wa kulia.

Tanki lilitoka, ndani mna kutu tu. Watu wakasema bibi alikwisha kuihamisha mali. Tarehe 27 nikaingia darasa la kwanza. Mwezi wa Juni fundi alirudi, hana nyusi, mikono imefungwa bendeji, akamsalimu bibi kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, bibi. Nimekata jingine huko Mafinga. Nalo lilikuwa tupu."

"Kamwene, mwanangu. Keti, unywe uji."

Minong'ono ikafa hapo. Wangu haukuwa umetoka mdomoni, kwa hiyo sikuwa na wa kumwomba radhi ila bibi, nami sikumwomba.

Alifariki tarehe 9 Agosti 1988. Wanawake walileta furushi, wakaniomba mimi, mjukuu msomi, nilifungue. Fundo lililala upande wa kulia. Kwa miaka kumi na mitatu alifagia uvungu ule, na fundo langu hakuligusa.