Maji Yanakwenda Wapi

Gari langu la mikate lilikuwa linakunywa maji, na mimi nikawa sikaliki. Nikikaa, nainuka. Nikibandika sufuria, naiacha motoni natoka nje, nainama chini ya gari kutafuta tone. Tone hakuna. Uwanja mkavu. Lakini kila asubuhi, injini ikiwa ya baridi, nikifungua rejeta nakuta maji yameshuka. Si mengi, kikombe hivi, siku nyingine kikombe na kidogo. Yangekuwa yanamwagika kwa kishindo ningejua la kufanya. Huku kupungua kimya kimya ndiko kulikonikosesha raha.

Lile gari ndilo lililobaki mkononi mwangu baada ya ndoa. Mume wangu aliponiacha akahamia kwa mshona nguo, wazee wa kwao walikaa kikao kugawa vitu. Yeye akapewa nyumba, kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha baba yake, ingawa matofali niliyafyatua mimi na mtoto mgongoni. Mimi nikapewa gari kuukuu ambalo nilikuwa nimeshajifunza kuliendesha, maana yeye alfajiri haamki na mikate haimsubiri mtu. Na hata hilo sikupewa lote. Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe wangu, ambaye akisema kwenye ukoo ule hakuna anayeongeza neno, alisema: "Mama, litumie. Ila likikushinda kulitunza, litarudi kwa mwenyewe."

Kwa mwenyewe! Utadhani mimi nilikuwa mpangaji tu.

Basi siku moja likachemka barabarani, mvuke ukafuka, watu wakajaa. Habari ikamfikia mtalaka wangu kabla injini haijapoa. Akatuma salamu kwamba Jumamosi atakuja na Baba Mkubwa kuliangalia, na wakilikuta bovu ataondoka nalo. Bila gari sina kazi. Mwenye tanuri hampi mikate mtu wa miguu.

Nikalipeleka kwa fundi tunayemwita Taratibu. Jina hilo amepewa na wateja wenye haraka, na yeye analijibu bila kinyongo. Alizunguka gari kama anayetaka kulinunua. Akachomoa kijiti cha oili, akapaka oili kidoleni, akaitazama juani.

"Ingekuwa maji yameingia kwenye oili, ungeona rangi ya chai ya maziwa. Hii safi. Ukiwasha asubuhi linatoa moshi mweupe?"

"Hapana."

"Basi gasketi ya injini tuiache kwanza. Miguuni kwako, ndani, pana unyevu? Harufu ya utamu utamu?"

"Mimi nasikia harufu ya mikate tu, fundi."

Akabonyeza mipira, akageuza mfuniko wa rejeta akautazama chini na juu, akasema mzima. Mwisho akatia alama kwa msumari kwenye chupa ya maji iliyo kando ya rejeta. "Usijaze," akaniambia. "Endesha njia zako fupi, macho kwenye mshale wa joto. Ukipanda, simama. Nataka nijue yanapungua kiasi gani na wakati gani."

Maneno mepesi hayo kwa asiyekuwa na la kupoteza. Asubuhi nilifungua boneti nikaona maji yako chini ya alama, na mkono ukaenda wenyewe kwenye dumu. Nikajaza. Siku ya pili nikajiapiza, nikajaza tena. Taratibu alipolifungua akakuta maji yamefika pale pale alipoweka alama, akajikuna kichwa, akasema labda limepona. Ikabidi niseme.

"Mama," akasema, "unamleta mgonjwa kwa daktari halafu mlangoni unampaka poda?"

"Nikiliacha likichemka tena, je?"

"Likichemka tutajua linachemkia wapi. Wewe unalificha."

Miaka yangu yote na yule mwanaume kazi yangu ilikuwa hiyo: kinachopungua nakijaza kabla majirani hawajaona. Mazoea hayo hayavuliki kama kanga.

Akafuta injini yote kwa kitambaa mpaka ikakauka, halafu akaniomba unga. Nyuma kwenye gari, kwenye pembe za kreti, haukosekani unga uliokung'utika kutoka kwenye mikate. Nikauzoa. Akaunyunyizia kwenye viungo vya mipira, chini ya pampu ya maji, na pembeni mwa rejeta, mpaka injini ikawa nyeupe kama mtu aliyeanguka kinuni.

"Leo tunaoka injini," akasema. "Kalipandishe kilima, urudi, usizime."

Nilipanda kilima kile moyo unanidunda kuliko injini. Niliporudi akafungua boneti, harufu ya unga ulioungua ikatupiga. Kwenye mipira unga ulikuwa mkavu. Pembeni mwa rejeta, mkavu. Chini ya pampu palikuwa na mchirizi mwembamba uliolowa, na kutoka hapo vitone vimerushwa nyuma, vikagandia kwenye chuma cha moto. Nilipokuwa natazama, kimoja kikakauka.

"Umeona?" Taratibu akasema. "Linavuja likiwa la moto tu, maji yakiwa na nguvu. Feni inayatawanya, chuma kinayakausha, ukifika nyumbani unainama chini huoni kitu."

Akazima, akashika gurudumu dogo la pampu, akalitikisa. Lilicheza kama jino la mtoto. Akampigia simu muuza vipuri, kisha akanigeukia.

"Beringi inayolishika imekwisha. Sasa sikiliza, mama, leo Ijumaa. Pampu ya gari hili hapa mjini haipo. Muuza vipuri anasema itamfikia kesho mchana. Nikifungua sasa, kesho wageni wako watalikuta liko matumbo nje. Nisipofungua, unaweza kulijaza maji, likawaka vizuri mbele yao, likapita. Lakini hii ikikatika barabarani, umeua injini. Sema wewe."

Nilizunguka gereji ile sijui mara ngapi. Nilikaa kwenye tairi, nikainuka. Kulipamba gari nilijua. Nilikuwa nimejipamba mwenyewe miaka mingi ili wageni wapite.

"Fungua," nikasema.

Akaweka beseni, akamwaga maji. Yalitoka ya kahawia, na chini ya beseni vikatulia vipunje vyeusi. Akavisugua kwa vidole, akanusa, akapiga chafya.

"Nani ametia pilipili manga humu?"

"Mimi pilipili naitia kwenye chungu."

"Kuna watu wanaitia kwenye rejeta, inaziba tundu kwa muda. Na hizi si za jana, zimeoza." Akacheka. "Ila pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

"Inaniwasha kwa sababu nimeiendesha, fundi."

Usiku ule nilipanga maneno. Nilijua ni nani. Lakini nilijua pia kwamba mbele ya wazee wale mimi nilishaitwa mwenye mdomo nilipotaja matofali, na mwenye mdomo hata akisema kumekucha watu wanatoka nje kuhakikisha.

Jumamosi wakaja. Mtalaka wangu shati jeupe, viatu vinang'aa. Baba Mkubwa nyuma yake, pole pole.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mama. Imekuwaje?"

Kabla sijafungua kinywa, yule bwana ameshaona pampu juu ya gunia. "Si nilisema? Tazama, Baba Mkubwa, wamelichinja! Gari limemshinda."

"Pampu ilikuwa inavuja, mzee," Taratibu akasema. "Mpya iko njiani."

"Kuvuja, kuvuja! Kwangu lilikuwa linavuja hivyo hivyo, kuna aliyesikia? Natia pilipili manga, linanyamaza. Wiki ile ya kikao nilitia pakiti nzima, likatulia kama bibi harusi. Huyu hata pilipili hajui kutia!"

Taratibu akainamia spana zake. Maneno yangu yote ya usiku yakawa hayana kazi.

"Wiki ya kikao?" Baba Mkubwa akauliza.

"Eh... ilikuwa..."

"Ulisimama mbele yetu ukasema unamwachia gari zima. Na huku unajua halina afya."

"Baba Mkubwa, si kwamba halina afya, ni..."

"Ni pilipili." Mzee alivuta pumzi. "Lile neno langu la kurudi kwa mwenyewe nimelifuta. Mwenyewe ni huyu. Na wewe kunja mikono ya shati, umsaidie fundi."

Pampu ilipofika mtalaka wangu ndiye aliyeishikilia wakati Taratibu anafunga nati, grisi ikimpanda mpaka kiwiko. Sikucheka. Nilitamani kucheka, kicheko hakikuja.

Jioni nikampa Baba Mkubwa lifti. Mshale wa joto ulisimama katikati na macho yangu yalisimama juu yake.

"Mama," akasema, "mbona siku ya kikao hukusema lolote?"

"Nilisema, Baba Mkubwa. Mliniambia ninyamaze."

Akageuza uso dirishani. Nikakanyaga mafuta, maana mwenye tanuri hufunga mapema na kreti zangu zilikuwa tupu.