Mutu wa Sita Katika Motokari

Asiransi ya lazima, ile bima ya kulipa mutu utakayemugonga, sina neno nayo. Bila karatasi yake kwenye kioo, polisi wa njiani wanakupokea kama mugeni wa Krismasi mwenye zawadi. Shida yangu ilikuwa zile za kujipendea. Ziko ine, na mufuko wangu ulikuwa wa moja tu.

Motokari yangu ni Toyota ya zamani, usukani uko kuume. Kila siku ya Mungu, ndiyo Jumapili, misa ikiisha, tunatoka Bukavu kwenda Kalehe, kwa ndugu za bibi yangu niliyemuoa. Masomo mimi niliyaacha mwaka wa tatu wa primere, kwa hiyo karatasi za Kifaransa ananisomea yeye. Ndiyo maana nilienda naye Nyawera, ofisini kwa watu wa asiransi. Pale nilikosea, ao pengine nilifanya vizuri, sijui bado.

Nyumbani nilitoka nimeshaamua: kioo. Ngoja niseme sababu. Kuna wakati lori lilirusha jiwe, na kioo cha mbele kikaanguka chote kwenye magoti yangu. Kingine kilikawia sana kufika, na mimi nikaendelea kuendesha hivyo hivyo, nimevaa miwani ya mutu wa pikipiki, wadudu wananiingia kinywani. Watoto wa Kalehe wakinipigia saluti kama rubani wa ndege. Sitaki tena.

Musiye, bwana wa asiransi, akaanza na ile ya wizi.

"Ya wizi acha," bibi akasema, anacheka. "Motokari yetu haiwake mupaka watu ine waisukume. Mwizi atakuja na ekipe ya kusukuma?"

"Ya moto?"

"Iyi motokari? Mvua inanyesha mupaka ndani. Itaungua aje?"

Musiye naye akacheka, akasema basi inabaki ya vioo na ya watu wanaobebwa. Nikafungua mudomo niseme vioo. Bibi akanitangulia:

"Iyi ya watu, tukianguka inatunza nani?"

"Wote wenye kuwa ndani, maman. Dawa, hospitali. Lakini kwa hesabu ya viti. Yenu iko na viti tano."

Bibi akaacha kucheka. Mutu akikata kicheko katikati, jua kuna neno linakuja.

Munajua kwetu hakuna motokari ya watu watano. Utamupita aje mutu njiani, mutoto mugongoni, na mama yake unamujua? Tunapanda nane, mara tisa. Na adabu inataka bibi ya mwenye motokari aingie mwisho. Wageni kwanza, wazee, wenye watoto. Yeye anabanwa na mulango, tako moja kwenye kiti, lingine juu ya gunia la muhogo. Akikaa mbele, watasema anajivuna. Miaka yote alipanda vile, na mimi sikufikiri kitu.

"Musiye," akasema, "tukiwa nane, ule mwenye aliingia mwisho, naye mutamutunza?"

"Maman, siwezi kukudanganya. Mukizidi, kampuni inaweza kukataa."

Akanigeukia. "Papa, mwenye kuingia mwisho ni mimi. Nikivunjika muguu, utaniletea ile miwani yako ya pikipiki?"

Niseme ukweli: bado nilitaka kioo. Nikajaribu hata kusema mawe yanarushwa kila siku, lakini kuanguka hatujaanguka hata mara moja. Bibi alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, pole pole. Nikalipia ya watu. Sharti la bibi: watano, na yeye mbele.

Siku ya Mungu iliyofuata tukatoka watano, bibi mbele, watu watatu nyuma, mimi na aibu kama mutu aliyeiba kuku. Watu wakinyoosha mikono, mimi nawapungia, napita. Mumoja akapiga kelele, "Muzee, umekuwa minisitiri?" Karibu na Kalehe tukaona mwanamuke amesimama na mukungu wa ndizi. Ndugu mudogo wa bibi yangu! Muguu wangu ulienda kwenye freni wenyewe, motokari ikasimama, ikazimika.

"Shemeki, fungua mulango!"

Nikajua sharti limekufa. Nani anaacha damu yake njiani? Moyoni nilianza kulilia kioo changu. Bibi akashusha dirisha.

"Mudogo wangu, tuko watano."

"Watano njo nini? Mimi niko mwembamba!"

"Asiransi haipimi unene. Kamata feza upande bisi, inatufuata nyuma."

"Unaniacha kwa njia juu ya karatasi?"

"Juu ya muguu wako, usivunjike. Ndizi leta, zenyewe hazina muguu."

Tukapakia ndizi. Kumbe motokari imelala, na wasukumaji ni ine: wale watatu wa nyuma, na bibi. Mudogo wake akaweka mikono kiunoni. "Kusukuma, kuko nafasi ya mutu wa sita?" Akasukuma naye, akitutukana na kucheka mupaka machozi. Ikawaka. Kusimama siwezi, itazimika tena, kwa hiyo mudogo akabaki kungoja bisi, wengine wakaruka ndani inatembea: watatu kwanza, bibi mwisho, mbio, viatu mukononi.

Mwisho tena! Lakini kiti cha mbele kilikuwa wazi, hakuna aliyekigusa, na mulango nilikuwa nimemushikia kwa mukono wa kushoto.