Friji Haitoki Hapa

Friji mpya ina harufu yake, na mtu aliyezaliwa akaikuta ndani ya nyumba hawezi kuijua. Ni harufu ya mpira wa mlangoni, ya plastiki iliyofungiwa muda mrefu, na ya hewa ambayo haijawahi kupitiwa na moshi. Kwetu Nkende, mjini Tarime, kila kitu kilinuka moshi: mashuka, madaftari yangu ya shule, hata nywele za mama. Kwa hiyo siku mama alipofungua ule mlango mweupe kwa mara ya kwanza, niliingiza kichwa chote ndani nikavuta pumzi, mpaka naye akanivuta sikio. Nilikuwa darasa la tatu. Ulikuwa mwaka wa tohara, miezi ya mwishomwisho, na kila upande wa mji vijana walikuwa wanazungumzia kisu. Wasichana nao wengine walikuwa wanapelekwa kwa kificho. Mama alikuwa ameshawaambia shangazi zangu kwamba mimi sipelekwi popote, na ugomvi huo ulikuwa bado haujapoa friji ilipoingia.

Friji ile haikununuliwa kwa ajili ya soda. Nalisema hili mapema kwa sababu ukoo mzima ulijifanya haulijui. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimekonda, nakunywa maji bila kukoma, nakojoa kila saa, hadi nikaanguka mstarini shuleni na kuzinduka hospitali. Wakasema ni kisukari, kile cha watoto, na kwamba nitachoma insulini kila siku ya maisha yangu. Shangazi walisema nimelogwa. Mama hakubishana nao. Alimuuliza nesi dawa hiyo inatunzwaje. Nesi akamwambia inataka ubaridi lakini haitaki barafu: ikipata joto inaharibika, ikiganda inaharibika vilevile, na kwa macho mtu anaweza asione tofauti yoyote. Kwa kuwa hatukuwa na friji, mama alinunua vyungu viwili, akaingiza kidogo ndani ya kikubwa, akajaza mchanga katikati na kuumwagia maji. Alikuwa mpishi wa shule, na jua likichachamaa aliacha maharage jikoni akaja mbio kulowesha ule mchanga. Kuna chupa ya dawa iliyoharibika pamoja na mbio zote hizo. Nikalazwa tena, na siku tuliyorudi nyumbani mama akaapa kwamba friji itaingia ndani hata ikibidi tulale chini. Baba, ambaye alikuwa machimboni akichimba dhahabu na kuonekana nyumbani kwa nadra, alituma alichokuwa nacho, mama akaongeza chake.

Ilitoka katika duka moja la Bomani, nayo haikuwa kubwa: sehemu ya kugandisha juu, sehemu ya ubaridi wa kawaida chini. Wapakiaji walitaka kuilaza kwenye pikapu, wakasema ikisimama itaanguka. Mama akakataa. Aliambiwa dukani kwamba ikilazwa mafuta ya mashine yanahama mahali pake, basi akapanda nyuma ya pikapu, akaikumbatia, akasafiri nayo imesimama kutoka Bomani hadi Nkende huku watu wanamshangilia kama bibi harusi. Mtaa mzima ukatufuata ndani kuona taa ikiwaka. Mama akawaambia leo haiwashwi, inatakiwa itulie kwanza. Majirani wakakaa kwenye vigoda wakingoja abadili mawazo. Walipochoka wakaondoka, mmoja akisema kwa sauti ya kutosha kwamba maskini Mama Ghati ameuziwa kabati. Ghati ni mimi.

Kila mtu alikuwa na ushauri kuhusu mahali pa kuiweka. Wengi walitaka ikae dirishani, wapita njia waione. Mama alichagua kona ambayo jua halifiki, mbali na ukuta wa jikoni, akaisogeza mbele hadi mkono wake ukapita bila shida kati ya mgongo wa friji na ukuta. Kwa kuwa sakafu yetu ilikuwa na bonde, alipiga magoti akazungusha vile viguu vya mbele mpaka friji ikaacha kutikisika. Hadi hapo hakukosea kitu. Alikosea kwa mapenzi. Kwetu kitu cha heshima ndani ya nyumba huvalishwa: makochi yana vitambaa, redio ina kitambaa, na mgeni akiona kitu hakijafunikwa anajua mwenye nyumba hakijali. Mama alikuwa amefuma kitambaa kikubwa cha nyuzi nyeupe na waridi, akaivika friji kuanzia juu hadi mgongoni, mashada yakining'inia pembeni. Ilipendeza mno. Baada ya siku chache ikaanza kuunguruma bila kupumzika, mbavu zake zikawa za moto, na maji ya ndani yakawa hayana tofauti na ya kwenye ndoo.

Mama akaita fundi, Msukuma mmoja mwenye maneno mengi aliyefuata dhahabu Tarime akaishia kwenye mafriji. Aliinua kile kitambaa, akacheka hadi akakaa chini. "Mama Ghati, hii inatoa joto mgongoni ili tumboni kubaki baridi. Sasa ninyi mmeivalisha sweta!" Mama hakucheka. Alikivua kitambaa, akakikunja, akaenda kukitandika kitandani kwake. Kuanzia siku ile friji yetu ilikaa uchi, na wageni wakatuona hatuna adabu. Fundi akaikuta pia imechomekwa kwenye waya mmoja na televisheni na pasi, akaacha utani, akafoka. Aliifungia soketi yake peke yake, yenye waya wa kwenda ardhini, akaweka na kifaa cha kuilinda, kwa sababu umeme wetu ulikuwa na tabia ya kukatika kimya na kurudi kwa hasira. Mama naye akaweka sheria zake. Chungu cha moto hakiingii. Mlango haufunguliwi kwa mtu anayetaka tu kupigwa na baridi. Barafu ikijaa, friji inazimwa iyeyuke yenyewe, na atakayeigusa kwa kisu atakiona cha moto. Dawa yangu ilikaa rafu ya katikati, ndani ya kikopo, mbali na ukuta wa nyuma unaogandisha, na kando yake kipimajoto ambacho mama alikisoma kabla hata ya kunawa uso.

Wakati huohuo kule Susuni, kwa kaka yake baba, maandalizi yalikuwa yamepamba moto. Baba mkubwa alikuwa anamtahirisha mtoto wake wa kiume, na sherehe yake ilikuwa lazima izungumzwe hadi Sirari. Kungekuwa na ng'ombe, na kichuri, mchuzi wetu wa nyongo wa kuchovya nyama, na kreti za bia na soda kwa wazee wa koo zote. Alimpigia baba simu machimboni, akamwambia amesikia kuna friji Nkende. Kwetu mdogo hamwambii kaka yake hapana, na baba alijibu alivyofundishwa kujibu: chukua, kaka, ni yako. Hakumwambia mama. Sijui kama aliogopa au alisahau kilichokuwa ndani ya ile friji, na kwangu mimi vyote viwili vina uzito uleule.

Tulijua pikapu iliposimama mlangoni, mchana, mama akiwa anasonga ugali. Baba mkubwa aliingia na vijana wawili na kamba. Mama alipiga goti kidogo, "Shikamoo shemeji," akaitikiwa, akamkaribisha kiti. Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba friji itakaa kwake hadi wageni waishe, kwamba ameshakodi jenereta, na kwamba dawa ya mtoto itakuja nayo, itawekwa kule juu kwenye barafu ikae vizuri zaidi. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, friji haitoki hapa." Baba mkubwa akatabasamu, akidhani hakusikia vizuri. Mama akarudia. Akamweleza kwamba dawa ikiganda imekufa, kwamba jenereta inayozimwa na kuwashwa itaiunguza mashine, na kwamba mlango utakaofunguliwa na kila mwenye kiu hautabakiza ubaridi wowote. Baba mkubwa akaacha kutabasamu. "Mwenye nyumba ameshatoa," akasema, kisha akamgeukia mmoja wa vijana. "Mura, chomoa hiyo."

Kijana akashika waya. Mama akasema, bila kupaza sauti, "Ukiichomoa hiyo, umemchomoa mtoto." Kijana akabaki ameinama, mkono kwenye soketi, akimtazama mzee, kisha mama, kisha mzee tena. Hapo mama akaniita. "Ghati, chakula kimeiva. Muda wako." Nilielewa. Nilifungua friji, nikatoa kikopo, nikavuta dawa kwenye bomba nilivyofundishwa na nesi, nikagonga kwa ukucha viputo vitoke. Kila siku nilijichoma chumbani, nimewapa mgongo watu. Siku ile nilisimama katikati ya sebule mbele ya baba mkubwa, nikapandisha gauni juu ya goti, nikabana nyama ya paja, nikaingiza sindano huku nikimkazia macho. Lazima msomaji ajue kwamba kwetu kijana akisimamishwa mbele ya kisu, wazee hawaangalii kisu. Wanaangalia uso. Akikunja hata ngozi ya paji, aibu hiyo itamfuata hadi uzeeni. Mimi sikukunja kitu. Nilisukuma dawa taratibu hadi ikaisha, nikaichomoa sindano, na macho yangu yalikuwa bado kwake. Nilikuwa na hasira kuliko nilivyowahi kuwa nayo, na nilitaka aione.

Alikuwa wa kwanza kutazama pembeni. Akasema kwa Kikurya, akiwaambia wale vijana badala yangu, kwamba huyu hajapepesa. Kijana akaachia waya. Nilidhani tumemaliza, lakini mzee hawezi kurudi mikono mitupu mbele ya vijana wake bila kuacha kidonda. Alisimama bila kugusa ugali, akamwambia mama, "Basi sherehe haikuhusu. Usije." Pikapu ikaondoka na kamba zake.

Baba alikuja kabla ya sherehe, amekasirika. Alimwambia mama amemvua nguo mbele ya kaka yake. Mama alikuwa anapanga vifuko vya maji kule juu kwenye sehemu ya kugandisha, na hakugeuka. "Bora nikuvue wewe nguo," akasema, "kuliko nimvike mtoto sanda." Baba alikaa chini. Aliangalia kile kikopo kwenye rafu, mpaka mama akamwambia aufunge mlango, baridi inatoka. Aliufunga, na kwa mara ya kwanza akaniuliza kama sindano inauma. Nikamwambia inauma.

Siku ya sherehe mama alivaa gauni lake la kanisani. Vile vifuko vya maji vilikuwa vimekuwa mawe ya barafu. Alivipanga kwenye ndoo, akavifukia kwa pumba za mbao, akanishika mkono, tukapanda gari kwenda Susuni ambako hatukualikwa. Iritungu, zeze letu kubwa, ilikuwa inapigwa, vumbi limesimama, wanawake wanapiga vigelegele, na harufu ya nyama na nyongo ilitupokea kabla ya watu. Mama alipita katikati ya uwanja na ndoo kichwani hadi mbele ya baba mkubwa, akaitua. "Shikamoo shemeji. Friji imebaki. Barafu hii hapa." Baba mkubwa aliitikia kwa sababu shikamoo haiachwi hewani, kisha mtu akachovya chupa kwenye ndoo, na mwingine, na wazee wa koo zote wakanywa baridi. Yeye mwenyewe alikunywa yake bila kutuangalia. Hakuomba radhi siku ile, wala siku nyingine yoyote. Mama naye hakuomba.

Sasa ninaishi Nkende hiyohiyo, nina kazi Bomani na friji yangu mwenyewe. Friji zimekuwa nyingi, na bado naona watu wanazipakia zimelala, wanazibandika ukutani, wanazichomeka palepale kwenye waya wenye mambo manne, kisha wanalilaumu duka. Vitambaa bado vipo. Rika langu tukikutana, wengi husema zamani watu walipendana, cha mmoja kilikuwa cha wote. Sibishi kwamba walicheka sana na kula pamoja. Lakini mimi nimeijua hiyo "cha wote" ilivyokuja na kamba mlangoni kwetu, na nawajua watoto waliozikwa bila ugonjwa wao kupewa jina. Sitaki kurudi huko, hata kwa matembezi.

Desemba iliyopita alikuja mtoto wa baba mkubwa, yuleyule aliyefanyiwa ile sherehe, mtu mzima sasa mwenye kitambi. Alibeba paja la ng'ombe aliyechinjwa asubuhi, bado lina uvuguvugu, na kreti ya bia, akaomba nimwekee hadi kesho, kwake umeme umekatika. Nikamwambia nyama ya moto haiingii humu, hata kipande. Nikampa barafu kwenye ndoo na kumwonyesha bucha yenye jokofu. Alinitazama kama ambavyo nimetazamwa tangu utoto.

"Dada," akasema, "wewe ni mchoyo kama mama yako."

"Ndiyo," nikamjibu. "Na nipo."