Makabidhiano ya Kivinjari

Amani ya Bunia ni amani ya kulala na soksi. Huwezi kuiita vita, lakini nyuma ya mlango wa kila nyumba hapa mtaani Bigo kuna mfuko uliofungwa tayari kwa kukimbia, na anayesema kwake hakuna ni mwongo. Mimi Honorine, mshonaji wa nguo, ninao. Jirani yangu Musoki Pétronille anao pia, na wake ni mkubwa kuliko yote niliyowahi kuiona.

Tumepakana ukuta kwa ukuta. Mimi nina cherehani yangu, yeye chumba cha mbele cha nyumba yake amekifanya mahali pa kuchapa barua na kufungua intaneti. Zamani alikuwa katibu katika ofisi moja kule Djugu. Vita vilipofika alikimbia na kifuniko cha sufuria. Sufuria yenyewe aliiacha motoni na maharagwe ndani. Alitembea na kifuniko kile mpaka huku, kifuani, akidhani ameokoa chakula. Leo kinaning'inia msumarini juu ya kompyuta yake, na ole wako ukikigusa.

Tangu hapo aliapa kwamba kilichobaki kitabaki. Kalenda ukutani ni ya askofu ambaye alishazikwa. Na kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ni kilekile alichokikuta ndani ya mashine siku alipoinunua. Kimezeeka hadi kinatia huruma. Unabonyeza, unaenda kuteka maji, unarudi, bado kinafikiri. Wateja wakilalamika anawauliza, "Na weye ukizeeka, tukufukuze?"

Hakuna aliyemshinda kwa maneno, mpaka siku ya Arielle. Huyu ni mtoto wa mdogo wake, amemlea tangu hajaota meno. Alikuwa amepata diploma, anataka kuingia chuo kikuu Kisangani, na maandikisho yalikuwa yanafungwa jioni ileile. Ukurasa wa chuo ukakataa kufunguka. Ulionyesha maneno machache tu: kivinjari hiki ni cha zamani, tumia kingine. Simu ya Arielle iliufungua, lakini ikagoma kupandisha diploma kwenye ukurasa ule. Kwenda kwa jirani mwingine mwenye mashine, Pétronille hakutaka hata kusikia.

Akaitwa Gauthier, fundi wa kompyuta.

"Mama Pétro, iko kazi ya kidogo tu. Tunatosha ya zamani, tunatia ya mupya."

"Kumutosha? Kumutoa inje?" Pétronille akasimama mbele ya mashine, mikono kiunoni. "Huyu alikaa na siye miaka yote, courant ya umeme inaenda, inarudi, yeye haendi. Leo unamufukuza kama mwizi?"

"Mama mukubwa, saa inaenda," Arielle akasema, na machozi yalikuwa karibu.

Pétronille akamtazama mtoto, akaitazama mashine, akalegea. Akasema sawa, ila kwa utaratibu. Kule ofisini Djugu hakuna aliyetoka kitini bila remise-reprise: anayeondoka anamkabidhi anayeingia, mbele ya mashahidi, kwa hotuba na vinywaji. Yeye mwenyewe aliwahi kuchapa makabidhiano ya mkubwa aliyeacha mhuri, viti vibovu, na mbuzi ambaye mwenyewe hakujulikana. Kivinjari nacho hakitaondoka kienyeji.

Damu ilinichemka. "Pétro, uko na wazimu! Mutoto akose masomo juu ya heshima ya mashine?"

"Honorine, leta kitambaa ya meza."

Nikaleta. Ungefanya nini? Meza ikafunikwa kitenge cha mteja wangu, ambacho nilikuwa sijakikata. Soda zikanunuliwa. Gauthier akaamriwa kusema kwa niaba ya anayeondoka, Arielle kwa niaba ya anayeingia. Mimi niliwekwa kuwa serikali, nikapewa kiti.

Gauthier akakohoa. "Miye mwenye ninaenda, ninaacha mashine muzima. Ninaacha na page moja yenye inakataaka kufungika."

"Sema na makosa yako," Pétronille akamkata.

"Nilikuwa polepole," Gauthier akasema akiinamisha kichwa, na naapa alikuwa na majuto ya kweli.

Arielle akajibu mbiombio kwamba amepokea vyote na atafuata nyayo za mtangulizi wake. Tukapiga makofi. Watu waliokuja kutoa fotokopi nao wakapiga, wakapata soda. Mmoja wao akaniuliza taratibu yule anayeondoka anapelekwa kazi mji gani.

Tulikuwa bado tunacheka Gauthier alipokiingiza kile kipya. Kikafunguka, cheupe pe, na kabla ya kufanya lolote kikaandika maneno kwa Kifaransa. Pétronille akayasoma kwa macho, mara mbili.

"Inasema nini?" nikauliza.

Akanisomea kwa Kiswahili, neno kwa neno. "Unatoka kwa mwingine. Chagua vitu yenye unataka kuja nayo."

Chini yake palikuwa na visanduku vya kutia alama: maneno ya siri, kurasa unazozipenda, mahali ulikopita.

Pétronille akakaa. "Nilihama Djugu," akasema. "Nilihama tena, na tena. Hakuna mutu aliniuliza hii."

Kicheko kilitukauka. Moyo uliniuma, maana hata mimi nilipokimbia hakuna aliyeniuliza. Arielle, ambaye saa ilikuwa inamchoma, hakunyoosha mkono. Alimwacha mama yake mkubwa atie alama mwenyewe, kisanduku kimoja baada ya kingine, vyote. Gauthier akasema vingine havina faida, ni takataka tu.

"Takataka yangu," Pétronille akamjibu.

Diploma ikapanda kabla ya jioni kuisha. Baadaye majibu yakaja: Arielle amekubaliwa.

Siku ya safari Pétronille alimsimamisha katikati ya chumba. "Chagua. Unataka kuenda na nini?"

Arielle akaonyesha kifuniko.

"Ile hapana. Ile inangoja sufuria yake."

Basi akaonyesha ule mfuko mkubwa nyuma ya mlango, kwa sababu hakuwa na kitu cha kutilia nguo zake. Nilitega sikio kwa hotuba. Haikuja. Pétronille akaushusha mfuko, akaufungua, akamwaga kila kitu juu ya meza: blanketi, chumvi, tochi, na viatu vidogo vya Arielle, vya wakati ule alipokuwa anabebwa mgongoni. Miaka yote hiyo alikuwa tayari kukimbia na mtoto mdogo. Akaukung'uta mfuko mlangoni, akampa.

Arielle alipoondoka nilimvuta jirani yangu kando. "Pétro, na kama tunakimbia tena? Utatia vitu wapi?"

Alikuwa anavifuta vile viatu kwa upindo wa kitenge. "Mara hii," akasema, "wenye kutufukuza wataniuliza kwanza."