Mkono wa Sista Nafuna

Mwaka 1974, Sista Nafuna aliuguza wagonjwa wa moyo Kampala. Alasiri moja ya mvua alikuwa na Mama Kahambu, Mkongo aliyeuza vitenge katika soko la Owino. Daktari alikuwa amempitishia mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja hadi moyoni, ili kuuchunguza moyo. Mrija ulipotolewa, Nafuna alikibana kidonda kwa mkono.

"Usikunje mguu, mama."

Kahambu, aliyelegezwa na dawa, alitabasamu. Alijiona akielea juu ya kilima cha Lubaga, vitenge vyake vikimfuata kama mawingu.

Askari akaingia wodini, bunduki begani. "Wauguzi wote nje. Tunapekua."

Wauguzi wengine wakatoka. Nafuna hakusogea.

"Afande, nikiondoa mkono huu, atavuja damu mpaka afe."

Askari alimtazama Kahambu kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akaketi. Mvua iligonga mabati taratibu.

Mwishowe Nafuna aliinua mkono. Damu ilikuwa imekatika. Akaugusa mguu wa Kahambu juu ya vidole, akausikia mshipa ukidunda, na ngozi ilikuwa na joto; damu ilikuwa inafika hadi chini.

"Amepona?" askari akauliza kwa sauti ya chini.

"Bado. Alale chali mpaka jioni."

Askari akatoka kwa kunyata bila kupekua, akaufunga mlango polepole.