Ngozi ya Mzee Ndahani

Jumbe wetu, wazee, walimu wenzangu, na ninyi mnaojifunza ufundi katika chumba chetu cha vitabu hapa Mpwapwa: leo nimeikata sanda ya mtu aliye hai.

Mchwa walikuwa wamekula majalada, nikaomba ngozi. Nyemo, mmoja wa wanafunzi, akaleta ya ng'ombe kutoka kwao, laini ajabu. Nikaisifu mbele ya darasa (naona aibu kuyaandika haya), tukavalisha vitabu sita.

Adhuhuri akaingia baba mkwe wake, Mzee Ndahani, mgonjwa, ameshikwa mkono asianguke.

Akapapasa jalada moja.

"Mwalimu, ngozi hii nilijiwekea nizikwe nayo. Sasa mtanifunika kwa kurasa?"

Wawili wakacheka. Yeye hakucheka.

Nyemo akalia. "Baba, nilidhani ni ya kulalia tu."

Nikajitetea kwamba Bwana Shauri, mkuu wa Kidachi anayetawala wilaya, anakuja kesho kuvikagua vitabu.

"Yeye atafika kesho," mzee akasema. "Mimi sijui."



Basi nimeamua, na Bwana Shauri nitamjibu mwenyewe: aliyechukua kimojawapo cha vitabu hivyo akirudishe sasa hivi. Tutafumua majalada yote sita, na kabla ya jua kuzama tutaishona ngozi iwe moja tena. Njooni na sindano.