Blanketi Peke Yake

"Mzee, ikifika kukamua, inafanyaje?" fundi alimuuliza jirani yetu hapa Umoja. Mzee alikuna kidevu. Hiyo mashine ya kufulia hajawahi kuigusa. Fundi akachukua bisibisi, tayari kung'oa mota.

"Inatikisika kidogo, halafu inasimama," mke wa mzee akasema. "Na nimeweka blanketi moja tu."

Fundi akaweka bisibisi chini, akamgeukia mzee. "Basi mota ni nzima, mzee. Blanketi peke yake linalalia upande mmoja. Ongeza taulo mbili."

Yule mke akaleta taulo. Mashine ikazunguka.

"Mzee, umenieleza vizuri," fundi akasema.

Kwenye midahalo ya chuo chetu sijaona mtu akishinda bila kufungua mdomo. Fundi, ukija kwetu, tafadhali muulize anayefua.